Kuteremka Lualaba na ramani mfukoni

Kabla ya kupanda treni nilipitia Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi kuiona tena misalaba ya shaba. Mtoto wa Katanga anaijua alama hiyo tangu utotoni; mitatu ilikuwa kwenye bendera ya Katanga ilipojitenga na Kongo mwaka 1960. Ila msalaba wa shaba, ukiwa peke yake kwenye kabati la vioo, haukwambii umri wake. Lazima ujue ulitoka kaburi gani, ulilazwa kifuani mwa nani, chini ya udongo gani. Hilo ndilo lililonifanya nikate tikiti ya Bukama.

Mkate wangu naupata kwa kuchora mipaka ya viwanja kwenye kompyuta. Usiku, umeme ukiwepo, nacheza na ramani za Enzi za Kati. Niliyoizoea zaidi ni ile ya kisiwa cha Britania iitwayo Gough, iliyohifadhiwa Oxford: imechorwa kwenye ngozi, mashariki iko juu, na mchoraji wake hajulikani. Unachukua picha yake, unatafuta mji au mdomo wa mto ambao upo hadi leo, unaushikiza kwenye picha ya setilaiti, kisha wa pili, kisha wa tatu. Programu inaivuta ngozi ikae juu ya nchi yenyewe. Kusini mwa Uingereza inakaa vizuri. Ukifika Scotland inapinda vibaya, na huko kupinda ndiko ninakokupenda, maana kunaonyesha mchoraji alikojua na alikobahatisha.

Kwa majengo mambo ni mepesi zaidi. Andrew Tallon aliipima Notre-Dame ya Paris kwa leza mwaka 2010, nukta zaidi ya bilioni moja, na kanisa lilipoungua Aprili 2019 vipimo vyake vilikuwa vinasubiri mafundi. Jiwe halihami. Wenzetu wa Kilwa, pwani ya Tanzania, nao wana Msikiti Mkuu wa kupimia. Sisi wa Upemba, bonde la mto Lualaba, katika karne hizohizo, hatukuacha ukuta wala ngozi. Tuliacha makaburi.

Treni sitaisimulia sana. Likasi, Tenke, Luena, vumbi, magunia, na mama mmoja aliyenigawia bukari na sombe bila kuniuliza jina. Bukama ndipo safari ilipoanza kweli, tulipoingia balenieri, mashua ndefu ya mbao yenye injini, iliyojaa chumvi, magodoro na nyavu. Mto Lualaba hapo unatembea polepole, unajipinda na kujikunja kati ya matete. Nilikuwa nimepakua picha za setilaiti kabla ya kuondoka, kwa hiyo nukta ya buluu ya simu ilitufuata hata mtandao ulipokatika. Tulipokaribia Ziwa Kisale, ile nukta ikaanza kupita juu ya nchi kavu. Nahodha alicheka. «Papa, hiyo si nchi, ni mafunjo. Leo yako hapa, kesho upepo umeyapeleka.» Mafunjo ya Kisale huelea kama mikeka, na wavuvi hujenga vibanda juu yake. Hapo nikaelewa kwamba ukingo wa ziwa sitaweza kushikizia kitu.

Nilikuwa na nakala ya mchoro wa mitaro ya wachimbaji wa mambo ya kale huko Sanga, kijiji cha makaburi hayo kando ya Kisale. Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walichimba pale mwishoni mwa miaka ya 1950, Pierre de Maret akarudi miaka ya 1970. Walichokuta hakikuwa cha watu maskini: vyungu vya ufundi wa hali ya juu, chuma, pembe za ndovu, kombe za kauri zilizotoka pwani ya mbali, na shaba iliyosafirishwa kutoka kusini, kwenye ukanda wetu wa migodi. Karne ya 10 hadi ya 13 shaba ilikuwa ya mapambo zaidi. Baadaye ndipo misalaba ikawa mingi, halafu midogo, halafu inayofanana, jambo linalowafanya wataalamu waione kuwa ilikuwa pesa.

Mchoro una mitaro na mshale wa kaskazini, basi. Tulikwenda kwanza kwa chifu, tukapiga magoti, tukajibu «Eyo vidye», yaani ndiyo mkuu, kila aliponyamaza. Alitupa mzee mmoja aliyewaona wachimbaji akiwa mtoto. Mzee akasimama kati ya nyumba mbili: «Hapa.» Dada yake, aliyekuja kwa ajili ya kumbishia tu, akasimama upande wa pili wa njia: «Hapana, hapa.» Mwenzangu alitaka tuchukue nukta ya katikati. Nilikataa. Nukta moja ingekuwa uongo uliovaa suti. Tulichora duara linalowaingiza wote wawili.

Chifu alipoliona duara kwenye simu alisema jambo ambalo nilipaswa kulitarajia: mahali penyewe pasiingie kwenye intaneti. Wanunuzi wa vitu vya kale hawahitaji kuonyeshwa njia. Tulikubaliana ramani ya wazi ionyeshe kijiji tu, duara libaki kwake na makumbusho.

Yeye alikuwa na haja nyingine: mstari wa mafuriko, ili ajue wapi awazuie vijana kujenga. Basi tukatembea na wavuvi, wakituonyesha maji yalikofika miaka ya mvua kubwa, kwenye shina la mwembe, kwenye ukuta wa shule. Jioni nikaunganisha alama. Mstari ulizunguka kijiji na kuliacha duara letu upande mkavu. Kwenye bonde hili sehemu isiyofikiwa na maji ni ndogo, na ndiyo sababu nyumba za leo zimekaa juu ya wafu wa miaka elfu. Nikaufuta ukingo wa ziwa kwenye faili, nikaanza kuushikiza mchoro wa mitaro kwenye mstari huo.