Siku Tulipoendesha Baiskeli Kuomba Damu

Juni 2019 tulitoka Mwanza kwenda Magu kwa baiskeli, kundi la watu wa Nyakato na Igoma, kuwaombea damu watoto wenye selimundu. Siku ya Selimundu Duniani, tarehe 19, ilikuwa imeangukia katikati ya wiki, kwa hiyo safari ikawekwa Jumamosi. Mwendo wenyewe ni kama kilomita 60. Mimi niliendesha Phoenix ya baba, ile ya bomba la juu, na kwenye karia fundi alinifungia spika kwa mipira ya tyubu.

Mdogo wangu ana selimundu. Chembe nyekundu za damu yake hujikunja mfano wa mundu, zikanasa kwenye mishipa midogo, na hapo mtoto hulia kwa maumivu mpaka sauti inakauka. Tena chembe hizo hufa mapema, damu ikapungua mwilini. Alipokuwa darasa la tatu, usiku mmoja ilibidi aongezewe damu, na hospitali tuliyomkimbiza haikuwa na chupa hata moja ya kundi lake. Tukaambiwa tulete ndugu. Baba alipiga simu hadi salio likamwishia. Aliyefika alfajiri, akakunja shati na kulala kitandani, alikuwa dereva wa bodaboda wa kijiweni kwetu. Hatukuwa na undugu naye wa aina yoyote. Niliposikia kuna watu wanapanga safari hii, sikungoja kuitwa.

Fedha nazo zilichangwa. Kila mwendeshaji alitafuta watu wa kumwahidi chochote kwa kila kilomita, na kilichopatikana kilikuwa cha kuwakatia watoto Toto Afya Kadi, bima ya afya ya watoto, ambayo wakati ule ilikuwa shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka. Kwa mzazi anayesubiri kuuza pamba, hizo ni fedha nyingi. Lakini damu ndiyo hasa iliyotutoa majumbani. Fedha mtu anaweza kukopa kwenye kikoba. Damu usiku wa manane utaikopa wapi?

Kabla ya kuondoka, muuguzi wa damu salama alitukataza sisi waendeshaji kutoa siku ile. Mwili uliotoka jasho namna hiyo unahitaji kupumzika kwanza. Kazi yetu ilikuwa kuwaita watu. Gari la damu lilitangulia, likawa linatungoja vituoni.

Ungeliona lile kundi! Mbele walikuwa vijana wa mashindano kwenye baiskeli za gia, na kati yao wasichana wawili waliowaacha wavulana wengi kwenye kila mlima. Nyuma yao wauza maziwa na madumu yao matupu, walimu, wanakwaya, na mzee mmoja fundi baiskeli aliyebeba pampu, viraka na gundi, asiyetaka kutangulia kwa sababu, alisema, wanaopata pancha huwa nyuma. Kanda ya Ziwa kila mtu ana haki na baiskeli. Ndiyo inayopeleka pamba sokoni na mgonjwa zahanati, na nilifurahi sana kuona siku ile inabeba na jambo hili.

Kisesa ilishaanza kujaa watu, maana yalikuwa majira ya Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma, na ngoma zilisikika upande wa Bujora. Tulisimama, spika yangu ikaongea Kisukuma, na foleni ikajipanga chini ya mti. Masharti yalitangazwa wazi: miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50, na kidole kichomwe kwanza kupima wingi wa damu. Aliyemaliza alipewa soda na kupumzishwa.

Ila kituo ninachokikumbuka kuliko vyote ni Nyanguge. Mama mmoja wa makamo alitukaribisha kwa matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, na chai ya rangi, akakaa karibu nami akiisikiliza spika mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, huo ugonjwa unaanza na vidole kuvimba?"

"Ndiyo, mayu. Kwa watoto wachanga, mikono na miguu huvimba."

"Wangu alivimba hivyo. Alifariki hajafika miaka minne. Kwa mume wangu wakasema nimemla."

Nilimwita muuguzi, kwa maana maneno yangu yalikuwa yameisha. Alipiga magoti mbele ya yule mama, akamweleza taratibu kwamba mtoto hurithi selimundu kwa wote wawili, nusu kwa baba na nusu kwa mama. Kwamba mtu mwenye nusu hiyo moja tu anaishi na afya yake na huenda asijue kabisa. Kwamba wawili wa namna hiyo wakioana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa. Akamwambia pia kwamba wenye nusu moja ni wengi katika nchi za malaria kama huku kwetu, kwa sababu nusu hiyo huwakinga watoto wasiuawe na malaria kali. Mama akarudia mara mbili, "Kwa baba pia?" Kila ninaposikia mwanamke amefukuzwa kwa ajili ya mtoto wa selimundu, uso wake hunijia, na hasira hunipanda upya. Jambo hili lilipaswa kufundishwa kanisani, msikitini na mnadani, kabla ya watu kuoana.

Aliinuka akaenda kwenye mzani. Kilo hazikutosha. Alibembeleza, muuguzi akakataa kwa upole. Basi akatoka hadi barabarani, akarudi na kijana wake mkubwa aliyekuwa akisukuma baiskeli yenye marobota ya pamba, akamwambia, "Toa, kwa ajili ya mdogo wako." Kijana aliegemeza mzigo ukutani, akatoa.

Kutoka hapo upepo ulikuwa wa mbele, na kwenye daraja jembamba la Simiyu tulishuka tukasukuma ili malori yapite. Magu tulifika mchana, miguu ikitetemeka, tukapokewa kwa vigelegele.

Lakini pale Nyanguge, kabla hatujapanda baiskeli, yule mama alikuwa amemuuliza muuguzi kijana wake anaweza kutoa tena lini. Mwanaume baada ya miezi mitatu, akajibiwa, mwanamke minne. "Basi Septemba mje," alisema. Septemba tulirudi na gari la damu, bila baiskeli. Kijana alikuwepo, na alikuja na baba yake.