Ile BRNO niliyoiuza

Jumamosi iliyopita nilipanda daladala mpaka Muheza kwenda kuitazama bunduki ambayo si yangu tena. Mke wangu hakuniuliza naenda wapi. Alijua, maana yeye ndiye aliyenikataza kuiuza mwaka 2016, nami sikumsikia.

Ni rifali ya BRNO, ZKK 600, ya risasi za .30-06, kazi ya mafundi wa Czechoslovakia ya enzi hizo. Niliinunua mwaka 1989 kwa mhandisi wa shamba la mkonge aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao, tukaandikishana polisi. Wanaoijua bunduki hii watakumbuka mambo yake mawili. Kwanza, kile kitundu cha kulengea kilichojificha kwa juu, nyuma ya chemba ya risasi. Ukibonyeza kitufe chake kinachomoza, na jicho lenyewe linatafuta katikati. Pili, kitufe chake cha usalama kinachoizuia isifyatuke kiko kinyume: bunduki nyingi unasukuma mbele ndipo ufyatue, hii unavuta nyuma kuja kwako. Mgeni akiishika anahangaika mpaka swala amekwenda zake. Kidole gumba changu kiliizoea hata gizani.

Miaka ile leseni tulikata kwa Afisa Wanyamapori wa Wilaya, msimu ukifunguliwa Julai tunaingia pori la Handeni. Sikuwa mtu wa kumwaga risasi. Nasema bismillahi, nafyatua, mpwa wangu keshatimka na kisu awahi kuchinja kabla roho haijatoka, kwa sababu kwetu Ngamiani, mjini Tanga, hakuna ambaye angegusa kibudu. Nyama ya kuro, yule swala mkubwa wa majini, ina harufu, sikuipenda kamwe. Lakini funo, kale kaswala kadogo! Marehemu mama aliibandika na tangawizi na ndimu, tui zito likatiwa mwishoni, na barabara nzima ikajua tumerudi.

Ada ya chuo ya mwanangu wa mwisho ndiyo sababu niliyowaambia watu. Haikuwa hiyo. Ada ningeipata kwa kuuza ng'ombe wawili. Ulikuwa mwaka wa uhakiki wa silaha, na kila ndugu aliyenikuta na zile karatasi aliniuliza, "Mzee, hiyo bunduki ya kazi gani tena?" Mapori yamegeuka mashamba, magoti yananiuma, nikakosa la kujibu. Nikaona aibu kusema naipenda tu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kuliko bei.

Aliyeinunua ni mtu mwema, mkulima, anaiweka kwa ajili ya nguruwe pori wanaomalizia mahindi yake. Alinikaribisha vizuri, akafungua sanduku la chuma, akaitoa, akahakikisha haina risasi. Nikaona alama kwenye kitako, pale ilipogonga jiwe siku nilipoteleza kwenye makorongo ya Mto Msangasi. Nikapitisha kidole. Karibu na mdomo wa mtutu palikuwa na kutu ya rangi ya binzari, na bolti, kile chuma cha kusukumia risasi chemba, ilikwenda kwa kukwaruza. Mikononi mwangu bolti ile ilikuwa ikiteleza kama kisu kwenye papai.

Nikaomba mafuta ya cherehani na tambara la khanga kuukuu. Mkewe akaleta, na chai. Nikakaa barazani, mwenyewe pembeni yangu, nikachomoa bolti, nikafuta polepole, nikapitisha tambara ndani ya mtutu mara saba hivi mpaka likatoka jeupe. Nikamweleza asiiache kwenye ala yake ya turubai, masika ya huku kwetu yanaingiza unyevu mpaka ndani ya chuma. Alisikiliza kwa makini.

Kisha nikamwuliza kama atakubali kunirudishia, tufuate taratibu zote za polisi. Alinyamaza kidogo. "Mzee wangu, nipe muda nizungumze na mama watoto."

Mkanda wa ngozi wa kuibebea bunduki ile sikuuuza, ninao ukutani. Nikienda tena mwezi ujao nitampelekea, akubali asikubali. Siku ile aliitoa sandukuni imefungwa kamba ya katani.