Milimita tatu na jani la isale

Mwezi wa nane huku Kibosho, Kilimanjaro, baridi haijaondoka, na wachumaji wa kahawa wanashinda kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani la kahawa na migomba, tangu asubuhi. Kwa hiyo mizinga naifungua jioni, wao wakishateremka na debe zao. Jumamosi nilivaa gambuti saa kumi na mbili kasoro, ukungu umeshafika kwenye migomba, nikawasha bomba la moshi kwa magunzi ya mahindi.

Nina mizinga mitano. Mmoja ni wa gogo la mringaringa, ameuacha marehemu baba mkwe. Minne ni ya viunzi, yaani fremu za mbao ambamo nyuki hujenga masega, kazi ya fundi wa hapa njiani. Kazi yangu ni kufundisha hesabu, nyuki ni wa kujifurahisha, ndiyo maana kosa langu la kwanza linanichekesha na kuniudhi mpaka leo.

Mzinga wa kwanza wa viunzi nilimpa fundi vipimo kutoka mchoro wa Ulaya: viunzi vya upana wa milimita 35. Nyuki wetu ni wadogo kuliko wa kule, wao hupanga masega kwa milimita 32. Milimita tatu tu. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza angesema hapo hamna neno. Lakini piga hesabu: ukishapita viunzi vinane, nyuki na fundi wameachana kwa milimita 24, yaani robo tatu ya nafasi ya sega zima. Sega lilianzia kiunzi kimoja likaishia cha jirani. Nilipoinua kimoja vikaja vitatu, asali inachuruzika, majana (watoto wa nyuki) yanadondoka, nyuki wamechachamaa. Nilimrudia fundi. "Mwalimu," akasema, "mbao ni mbao. Nyuki watajipanga." Walijipanga kweli, ila si kwa mbao zake. Siku hizi naenda na rula yangu ya shule.

Kosa la pili halichekeshi. Mwaka juzi mwezi wa pili nilirina kila sega lililozibwa. Nilipata lita 11, nikajiona bingwa. Ikaja masika, mvua mchana na usiku, nyuki hawatoki. Masika hayajakauka vizuri, baridi ya mwezi wa sita ikapokea. Siku moja nikagonga mzinga kwa kidole, kimya. Ndani nilikuta utando wa nondo wa nta na nyuki wachache waliokufa. Wengine walihama, nyuki wa Afrika akiona njaa hasubiri umwonee huruma. Babu jirani, ambaye amepanda miti kurina tangu ujana wake, alinisikiliza mpaka mwisho akauliza, "Mwanangu, ulirina au uliiba?"

Yeye huacha masega manne ya asali karibu na majana na hayagusi mpaka maua ya kahawa. Mwaka huu nami nikayaacha.

Kuna kitu huwa kinanishangaza. Siku ya Nyuki Duniani ni tarehe 20 Mei, Umoja wa Mataifa uliipitisha mwaka 2017, kwa kumkumbuka Anton Janša, mfugaji wa Slovenia wa karne ya 18. Kwao Mei ni maua matupu. Kwetu Mei ni matope, na nyuki wamejikunyata wanakula akiba. Wakitaka tusherehekee kwa moyo, waje Kilimanjaro baada ya mvua za vuli, kahawa ikichanua nyeupe kihamba kizima na harufu ikaingia mpaka chumbani.

Basi Jumamosi. Mzinga wa pili ulinifurahisha: kati ya masega manne niliyoacha limebaki moja na nusu, na katikati kuna mayai yamesimama wima. Yai la nyuki husimama siku ile linapotagwa, kisha hulala taratibu. Kwa hiyo sikuhitaji kumtafuta malkia, nilijua siku hiyo au jana yake alikuwa kazini. Migrevilea imeanza kutoa maua, chakula kipo. Wa tatu uko hivyo hivyo. Wa nne nimekuta mbawakawa wadogo weusi, nikatoa masega matupu ili nyuki waweze kulinda eneo lao. Waya zote za kuning'inizia mizinga nimezipaka grisi upya kuzuia siafu. Gogo la baba mkwe sikulifungua, hilo lina heshima zake.

Na ndizi mbivu nilikuwa sijala. Nyuki akichoma hutoa harufu ya kuwaita wenzake, na harufu hiyo inafanana kabisa na ya ndizi mbivu. Sasa fikiria unafugia nyuki Uchagani! Mwaka jana nilifungua mzinga mchana, mbuzi wa jirani amefungwa hatua kama thelathini hivi. Alichomwa vibaya, akapona, lakini mwenye mbuzi akaacha kunisalimia. Mama mkwe ndiye aliyekata jani la isale, ambalo kwetu Wachaga ni la kuomba msamaha, akanipa: "Nenda nalo. Usianze kujieleza." Nikaenda. Jirani alilipokea, maana isale halikataliwi, kisha akaongeza sharti: nusu lita kila msimu. Ninalipa.

Kikundi chetu ni watu saba, tunakutana Jumapili ya kwanza ya mwezi baada ya ibada. Tuna mashine moja ya kukamua, inazunguka nyumba kwa nyumba, na anayeirudisha bila kuiosha anasemwa mwezi mzima. Mwezi huu tulizungumzia dawa za kahawa: kila mmoja awaombe majirani wapulize jioni, na wakati wa maua wasipulize kabisa dawa ya wadudu. Halafu tukaishia kule kule, kwenye njiti ya kiberiti. Wateja wa mjini huchovya njiti kwenye asali, wakiamini kwamba ikiwaka ndiyo halisi. Asali ikiganda wanasema tumeweka sukari. Asali huganda, jamani, tena baridi ya huku huiharakisha. Weka chupa kwenye maji ya uvuguvugu itarudi. Mwenzetu mmoja alirudishiwa lita sita. Nilimwambia, "Dada, niletee mimi, nitazinywea chai."

Mzinga wa tano, ule uliohamwa, nimeukwangua, nikapaka nta viunzi vyote na kusugua mlangoni kwa mchaichai ili kuvutia kundi jipya. Jana kabla ya kwenda shule niliona nyuki watatu wanaingia na kutoka, wanakagua kona kwa kona. Watatu si kundi. Babu sijamwambia.