Mahali pa Kukaza Wavu
Nilipoanza kuchanganua uimara wa vyuma kwa kompyuta, nilivifanya vidogo vipande vyote vya wavu (mgawanyo wa umbo katika vipande ambavyo kompyuta huvikokotoa) katika modeli nzima, kosa lililonigharimu saa nyingi za kusubiri. Siku hizi mimi hujipima kwanza kwa bamba pana lenye tundu dogo la duara, ambalo mhandisi Mjerumani Kirsch alilitatua mwaka 1898: likivutwa kwa mwelekeo mmoja, mkazo (nguvu kwa kila eneo) ukingoni mwa tundu hufikia mara 3 ya ule wa mbali, kwa hiyo naukaza wavu hapo tu, nikigawa vipande nusu kwa nusu hadi jibu litulie. Kona kali ya ndani, ambayo iliwahi kunifanya niilaumu programu bure, haitulii kamwe. Kadiri vipande vinavyokuwa vidogo ndivyo mkazo unavyopanda, mpaka kona yenyewe iviringishwe.