Kutoka Nashville hadi Sewanee, nyumbani kwa timu ya 1899

Ukitoka Nashville kuelekea kusini-mashariki unaweza kushika barabara kuu ya I-24 na kufika Sewanee, mji wa chuo kikuu juu ya mlima jimboni Tennessee, kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Sisi tuliiacha hiyo tukashika ya zamani, 41A, inayopita Tullahoma na Winchester, kwa sababu nilitaka kuanzia Cowan. Cowan ni mji mdogo chini ya mlima, na ndiko reli ilikokuwa ikigawanyika. Njia kuu ilipenya mlimani kwa handaki, na tawi moja likakwea kwenda juu, kwenye chuo na migodi ya makaa ya mawe. Kwa habari niliyokuwa nikiifuata, mahali pa kuanzia ni hapo.

Nilikuwa na mpwa wangu, ambaye anacheza mpira wa Kimarekani shuleni kwake, tena safu ya mbele, kule ambako watu hugongana kabla mpira haujaenda popote. Yeye ndiye aliyenifundisha kuutazama mchezo huu. Mimi nami nimekuwa nikimlipa kwa historia, maana ndiyo ninayoipenda, na katika historia yote ya mpira wa vyuo vya Marekani hakuna msimu unaonigusa kama wa Sewanee mwaka 1899. Mechi 12, ushindi 12. Pointi 322 za kufunga, 10 za kufungwa.

Lakini namba hizo si kitu ukilinganisha na tarehe zake. Novemba 9, mjini Austin, waliifunga timu ya chuo cha Texas 12-0. Novemba 10, mjini Houston, Texas A&M 10-0. Novemba 11, New Orleans, Tulane 23-0. Novemba 12 ilikuwa Jumapili, wakapumzika. Novemba 13, Baton Rouge, LSU, yaani chuo cha jimbo la Louisiana, 34-0. Novemba 14, Memphis, chuo cha Mississippi 12-0. Mechi 5 ndani ya siku 6, zote ugenini, na katika zote 5 hakuna aliyewapata hata pointi moja. Safari nzima ilikuwa kama kilomita 4,000 kwa treni. Aliyewahi kupanda treni kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma anaijua safari ya kilomita 1,250 inavyomfanya mtu mgongo na miguu. Hawa walikwenda zaidi ya mara tatu ya hiyo, na kila waliposhuka walishuka kucheza.

Cowan ina makumbusho ya reli kwenye jengo la stesheni ya zamani, na reli yenyewe iko hai. Tulikaa kando yake hadi treni ya mizigo ikaja ikitokea upande wa Nashville. Mlima pale ni mkali kiasi kwamba treni nzito husaidiwa na vichwa vya kusukuma kutoka nyuma. Kichwa cha mbele kinavuta, cha nyuma kinasukuma, na mabehewa yote katikati yanalia kwa chuma. Ardhi chini ya miguu ilitetemeka muda mrefu baada ya kichwa cha kwanza kupotea kwenye miti. Handaki lililo mbele lilichimbwa mwanzoni mwa miaka ya 1850, na kazi hiyo, kama kazi nyingi za reli za Kusini zama zile, ilibebwa pia na watu waliokuwa watumwa. Nilimwambia mpwa wangu jambo hilo palepale tukiwa tumesimama, kwa sababu litakuja tena juu ya mlima.

Tawi la kupanda Sewanee liliitwa Mbuzi wa Mlimani. Reli zake ziling'olewa miaka ya 1980, na sehemu ya njia hiyo sasa ni ya watembea kwa miguu na waendesha baiskeli. Timu ya 1899 iliteremka kwa tawi hilo hadi Cowan, ikaunganisha kwenda Nashville, na kutoka hapo safari ndefu ya Texas ikaanza. Ndani ya treni walipakia mapipa ya maji ya chemchemi ya kwao, ili wachezaji wasiugue matumbo kwa maji ya miji ya watu. Jambo hilo nimelifikiria sana. Timu leo husafiri na madaktari na mitambo, na hawa walisafiri na maji ya nyumbani. Naamini mapipa yale yana sehemu yake kwenye zile sifuri tano.

Kwa nini waliipanga safari ya namna ile? Fedha. Sewanee ilikuwa imekosana na chuo cha Vanderbilt cha Nashville kuhusu mgawo wa mapato ya getini, na mechi na Vanderbilt ndiyo iliyokuwa ikiwaingizia kitu. Meneja wa timu alikuwa mwanafunzi wa miaka 20, Luke Lea. Akaona kwamba kama mechi moja kubwa imekufa, basi lazima zipatikane kadhaa, zifuatane, ili gharama ya treni igawanyike. Akaandikia vyuo, akapanga ratiba, akapata mechi. Sisi tumezoea kusikia makocha wa ligi zetu wakilalamika timu ikicheza mara mbili ndani ya wiki, na wana haki ya kulalamika. Huyu kijana alipanga tano kwa siku sita na wenzake wakakubali.

Lea hakuishia hapo, na maisha yake yanasaidia kuelewa alikuwa mtu wa namna gani. Alianzisha gazeti la The Tennessean, akawa seneta wa Marekani tangu 1911 hadi 1917, na Januari 1919, akiwa kanali jeshini, alivuka mpaka na wenzake kuingia Uholanzi wakitaka kumkamata Kaiser Wilhelm II wa Ujerumani aliyekuwa amekimbilia huko. Hawakufanikiwa. Ila ratiba ya 1899 ilishatoka kwenye kichwa hichohicho.

Ili matokeo yale yasomeke sawasawa inabidi kujua mchezo wenyewe ulivyokuwa. Kuvusha mpira mstari wa mwisho kulikuwa na pointi 5, si 6 kama sasa, na teke la nyongeza pointi 1. Teke la kupitisha mpira kati ya nguzo lilikuwa pointi 5 pia. Kurusha mpira mbele kwa mkono hakukuruhusiwa hadi 1906. Timu ilikuwa na nafasi tatu za kusogea yadi 5, yaani mita nne na nusu hivi, kwa hiyo kila mara ni watu kuingia katikati ya watu, wenzao wakiwasukuma na kuwavuta. Aliyetoka uwanjani hakurudi. Kofia ngumu hazikuwapo. Wachezaji wengi walifuga nywele ndefu ziwe kinga ya kichwa. Mpwa wangu, ambaye hajawahi kugusa uwanja bila kofia na mabega ya plastiki, alinyamaza kidogo kisha akauliza, "Mjomba, siku ya tatu kule New Orleans waliamkaje?"

Nilimjibu kwamba kulikuwa na mtu wa kuwaamsha.

Jina lake ni Cal Burrows. Alikuwa Mwafrika-Mmarekani, mkandaji wa timu, aliyesafiri nao njia yote. Kila baada ya mechi, ndani ya behewa linalotikisika, yeye ndiye aliyeshika miguu iliyovimba na mabega yaliyoteguka, akaikanda hadi kesho yake ikasimama tena. Tunawajua vizuri wenye sifa uwanjani. Kuna Henry Seibels, nahodha, aliyeumia kichwa katika mechi ya Texas akaendelea kucheza huku anavuja damu. Kuna Ormond Simkins, mpiga mateke na mbebaji mpira wa nguvu. Kuna kocha Billy Suter. Seibels yumo kwenye ukumbi wa heshima wa mpira wa vyuo. Burrows hayumo kwenye safu yoyote ya matokeo, kwa kuwa mkandaji hapati pointi. Kwangu mimi, zile mechi za siku ya pili na ya tatu ni zake sawa na walivyokuwa wao.

Na Jumapili ile ya mapumziko, Novemba 12, timu ilipelekwa kutembelea shamba la miwa Louisiana. Vijana walitembezwa wakaona sukari inavyotengenezwa. Sijui kusoma sentensi hiyo bila kuwaza ni akina nani waliokuwa wakikata miwa ile, miaka 34 tu baada ya utumwa kukomeshwa, na Burrows aliwatazamaje.

Kutoka Cowan barabara inapanda kwa kona hadi masikio yanaziba. Juu kuna tambarare, karibu mita 600 kutoka usawa wa bahari, na chuo kinamiliki msitu wa zaidi ya ekari 13,000 kuuzunguka. Majengo ni ya mawe ya hapohapo, rangi ya mchanga uliochomwa, na wanafunzi wanaofanya vizuri masomoni huvaa majoho meusi wakienda darasani. Tulimkuta mmoja amelivaa juu ya kaptura na raba, joho limechanika mfukoni, tena kwa jinsi lilivyopauka ni wazi limepokezanwa na watu wengi kabla yake. Alituelekeza uwanja ulipo kwa adabu kubwa, akatusindikiza hadi penye njia.

Chuo hiki kiliasisiwa 1857 na maaskofu wa Kianglikana wa majimbo ya Kusini. Mmoja wa waasisi, Leonidas Polk, alikuwa na mamia ya watumwa na baadaye akawa jenerali wa jeshi la Kusini, akafa 1864 katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Jiwe la msingi liliwekwa 1860, wanajeshi wa Kaskazini wakalilipua wakati wa vita, na masomo hayakuanza hadi 1868. Yaani chuo cha kina Seibels kilikuwa cha watoto wa walioshindwa vita, weupe watupu, na kikabaki hivyo kwa miongo mingi. Chuo chenyewe sasa kina mradi wa utafiti kuhusu mizizi yake ya utumwa, ulioanza 2017, na nimefurahi kwamba upo. Ukiujua mlima huu umesimama juu ya nini, jina la Burrows linakuwa zito zaidi.

Uwanja wa McGee umetumika tangu 1891, na ndio mkongwe kuliko wote Kusini mwa Marekani. Usifikirie jukwaa la watu laki moja kama la chuo cha Tennessee kule Knoxville. Huku mtu anaweza kusimama kandokando akasikia kocha anachomwambia mchezaji. Mpwa wangu alishuka hadi ukingoni, akainama akagusa nyasi kwa kiganja, kisha akachuchumaa mkao wa safu ya mbele, ngumi moja chini, akabaki hivyo akiuangalia uwanja wote kwa chini. Sikumsemesha.

Msimu wa kwanza, huo wa 1891, haukuwa wa kutisha. Vanderbilt walikuja wakawachapa 22-0. Lakini Novemba 21, mjini Chattanooga, Sewanee iliifunga Tennessee 24-0, na hiyo ndiyo mechi ya kwanza kabisa katika historia ya Tennessee, timu ambayo leo inajaza Knoxville kila Jumamosi ya msimu. Kufikia 1898 Sewanee walimaliza bila kufungwa, mechi 4 zote. Kwa hiyo 1899 haikudondoka kutoka mbinguni. Walifika Austin wakiwa tayari wanajuana.

Baada ya 1899 waliendelea kuwa timu nzuri kwa miaka, na 1932 walikuwa miongoni mwa vyuo 13 vilivyoanzisha SEC, ligi ambayo sasa ndiyo yenye nguvu na fedha kupita nyingi. Humo walicheza mechi 37 za ligi. Walipoteza zote 37. Ikafika 1940 wakajitoa. Wapo wanaosimulia habari hii kama aibu, nami sikubaliani nao hata kidogo. Chuo kidogo cha mlimani kilitazama mpira ukigeuka kuwa biashara ya kununua wachezaji, kikaamua kitaendelea kucheza na wanafunzi wake. Mpaka leo wanacheza daraja la tatu la vyuo, ambako hakuna ufadhili wa masomo kwa ajili ya michezo. Kijana anayevaa jezi ya zambarau pale juu anaivaa kwa kuwa anataka kucheza. Mtu akiyaweka matokeo ya 1899 ukutani, na ayaweke na yale 37, kwa maana watu ni walewale na uwanja ni uleule.

Tulikaa hadi ukungu ukaanza kupanda kutoka mabondeni, na ukungu wa mlima ule hauna mchezo, taa za magari humezwa mita chache mbele. Tukateremka polepole. Njiani mpwa wangu akauliza kuhusu zile pointi 10, nani aliyezipata. Ni chuo cha Auburn, Novemba 30, mjini Montgomery, Alabama, wakati huo wakifundishwa na John Heisman, ambaye tuzo ya mchezaji bora wa vyuo hadi leo inaitwa kwa jina lake. Vijana wa Heisman walicheza kwa kasi ambayo Sewanee hawakuwahi kukutana nayo, wakawapeleka mchakamchaka mchana kutwa, na bado Sewanee wakatoka na 11-10. Heisman aliandika gazetini kumlalamikia mwamuzi. Siku mbili baadaye, Desemba 2, Sewanee walikuwa Atlanta wakiifunga North Carolina 5-0 kwa teke moja, msimu ukaisha.

"Kwa hiyo Auburn walionewa?" akauliza.

Nikamwambia malalamiko ya Heisman nitamtafutia ayasome mwenyewe, kisha tutakwenda Montgomery na kubishana tukiwa hukohuko. Amekwisha kuuliza ni saa ngapi kwa gari.