Aliyepinduka Chali

Assalamu alaykum ndugu zangu katika imani.

Wiki hii moyo wangu umeumia kwa ajili ya kijana mmoja wa mtaani kwetu hapa Lamu. Alitoka kwenye matibabu ya uraibu wa unga, yale madawa ya kulevya, akarudi nyumbani mzima, na kabla mwezi haujaandama yuko barazani tena na wale wale. Wazee wanasema, "Tulimsaidia, mwenyewe hakutaka."

Nikisikia hivyo naikumbuka ziara ya wanafunzi wetu kwenye shamba la kondoo kule Molo. Watoto wa kisiwani, waliozoea punda wa vichochoroni, walitetemeka kwa baridi huku wakiwashangaa kondoo wa aina ya Corriedale waliojaa sufu. Walioneshwa kukata kwato na kunywesha dawa ya minyoo. Lakini kilichonikaa mimi ni kondoo jike aliyepinduka chali, miguu juu. Mchungaji akatuambia kondoo mwenye sufu nzito au mimba akilala hivyo mara nyingi hawezi kujiinua. Gesi humjaa tumboni, na akichelewewa hufa. Akamwinua. Wanafunzi wakadhani kazi imekwisha. Kumbe bado: alimbana katikati ya magoti yake, kwani miguu ilikuwa na ganzi na angeanguka palepale. Hakumwachia mpaka alipokanyaga sawasawa, na hata hapo akawa anamtazama.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alitufundisha kwamba hakuna Nabii ila alichunga kondoo. Akaulizwa, na wewe? Akasema naye aliwachungia watu wa Makka. Naye Musa, alipoulizwa na Mola wake juu ya fimbo yake, alisema huiegemea na kuwaangushia majani kondoo wake.

Sisi, jamani, tunainua tu kisha tunaondoka. Tunachanga pesa za matibabu, tunaomba dua, akirudi hapewi hata kazi ya kukwangua jahazi. Hakuna anayempitia Magharibi waende msikitini pamoja. Watoto wanaambiwa wasimkaribie. Wewe baba, bei ya kamba sokoni unaijua. Mwanao jana alilala wapi? "Kila mmoja wenu ni mchunga, na kila mmoja ataulizwa juu ya alichokichunga." Hadithi hii tunaihifadhi tangu chuoni, tunaisoma kwa sauti nzuri, na kijana anaangukia mbele ya milango yetu.

Kwa hivyo nawaomba, wanaume wa mtaa huu hasa: leo baada ya Isha mpitieni kwao. Msimpe mawaidha. Kaeni naye, mle naye, na kesho alfajiri mmoja wenu amgongee mlango tena, na kesho kutwa, mpaka asimame.