Saa moja asubuhi, na bado giza

Asubuhi moja mwanangu mkubwa aliniita mwongo bila kulitamka neno lenyewe. Alikuwa amesimama koridoni, buti moja mguuni na jingine mkononi, akasema, "Mama, umesema asubuhi. Angalia nje." Nikaangalia. Taa za barabarani zinawaka, kioo kimejaa matone, hata kunguru hawajaamka. Hamburg, Ujerumani, mwisho wa Oktoba, saa moja asubuhi. Mama yangu huko Tanga wakati huo ameshafagia uwanja na kunywa chai.

Hapa nyumbani saa tunasoma kwa Kiswahili. Niliamua hivyo alipozaliwa, na baba yao alikubali kwa sharti kwamba nisimhusishe na ratiba za basi. Yeye ni dereva, akichanganya saa moja na saa saba atakosa kazi. Basi mtoto amekua na saa mbili kichwani. Kita, yaani chekechea ya huku, ni sieben, saba yao, nyumbani ni moja, na mpaka mwezi wa tisa hakuwa na shida. Nilimweleza nilivyoelezwa mimi: jua likichomoza tunaanza kuhesabu, saa moja ni saa ya kwanza ya mwanga. Tanga hesabu hiyo haikuangushi. Jua linachomoza kwenye saa kumi na mbili hivi mwaka mzima, likicheza halichezi hata saa nzima. Hapa mwezi wa sita linachomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri, halafu vuli linaanza kujivuta kitandani kama kijana wa sekondari. Sasa mtoto wa miaka mitano amenishika. Mwanga haupo, hiyo saa moja nimeitoa wapi?

Nikamwambia vaa buti.

Kuvaa ndiyo kazi yenyewe ya majira haya. Julai mtoto anatoka na kaptula na ndala. Sasa hivi kuna fulana ya ndani, fulana ya juu, sweta, soksi za sufu, suruali, na juu ya suruali ile nyingine ya mpira yenye mikanda ya mabegani, maana Kita wanawatoa nje hata mvua ikinyesha, halafu koti, kofia, glavu. Mdogo ana miaka miwili na kidole gumba chake hakiingii kwenye tundu la kidole gumba. Kila siku. Nakisukuma, kinajikunja, nakisukuma, anacheka. Nikimaliza wa pili, wa kwanza ameshasikia joto na kuvua. Na siku nikiwa wa kwanza kufika mlangoni, mmoja atasema, "Kojo."

Mimi zamu yangu kwenye nyumba ya wazee inaanza saa mbili na nusu. Kuna bibi mmoja pale huwa ananitazama nikiingia nywele zimelowa, anasema kwa upole kwamba yeye alilea watano. Hasemi zaidi. Siku nyingine inanifariji, siku nyingine natamani angeniuliza tu kama nimekunywa chai.

Wiki ya pili ya Oktoba mashine ya kufulia ilianza kugonga kama mtu anayetwanga kisamvu. Nilidhani imekufa. Kumbe ni kastanie, zile mbegu za kahawia zinazong'aa kama zimepakwa mafuta, zinadondoka njia nzima ya kwenda Kita na kila mtoto mjini anajaza mfukoni. Haziliki hizi, tumbo litakuuma, kwa hiyo mdogo lazima umwangalie mdomoni. Nilikuta tisa ndani ya ngoma ya mashine, zimetoka safi kuliko soksi.

Mkubwa alilia, kwa sababu zile tisa zilikuwa na kazi. Mwezi mzima alikuwa anakusanya ili zifike 64, kete za bao. Marehemu babu yake alikuwa mtu wa bao, jioni zote pale barazani, na mimi nimebaki na picha moja ya mkono wake juu ya ubao na kijisauti cha komwe zikidondoka shimoni. Hapa ubao wa bao nitautoa wapi? Nilichukua katoni nne za mayai, hizi za mayai kumi kumi, kila moja nikakata matundu mawili ya mwisho, yakabaki manane. Nane mara nne, mashimo 32, nikazipanga na kuzibana kwa gundi ya karatasi. Linapendeza kwa mbali. Ila kastanie ni nene, zikifika tatu shimo limejaa, na sheria za namua, ile hatua ya kwanza ya mchezo, nimezisahau nusu, kwa hiyo tunacheza bao letu wenyewe ambalo babu angelitemea mate. Lakini mtoto anahesabu kwa Kiswahili mpaka 64 bila kujikwaa, na aliyemletea hesabu hiyo si mimi wala video za kujifunza, ni miti ya barabarani.

Nilimhakikishia kwamba zile tisa bado ni kete, zimeoga tu.

Kisha wakaugua, mmoja baada ya mwenzake, kama walivyopangiana zamu. Hili kila mzazi wa huku analijua: Oktoba ikiingia kamasi hazikauki hadi Machi. Mdogo Jumatatu, homa. Mkubwa Alhamisi, mdogo anaporudi Kita. Sheria ya hapa inampa mzazi mwenye bima ya umma siku 15 kwa mwaka za kukaa na mtoto mgonjwa, kwa kila mtoto, na baba yao naye ana zake. Ukiisikia mwezi wa kwanza unaona ni nyingi. Mimi naandika kwa penseli kwenye kalenda ya jikoni na sitazijumlisha leo. Usiku wa Jumatatu nilimbeba mdogo mgongoni kwa kanga, nikatembea koridoni kwenda na kurudi, na nilipopita mbele ya kioo nikamwona mama yangu. Si mfano. Ni yule yule, mabega yameinama mbele, mkono mmoja nyuma unapigapiga makalio ya mtoto. Nikaogopa kidogo, nikazima taa.

Na mama mwenyewe tuna mkanganyiko naye wa miaka mitatu ambao nimeugundua juzi. Kila mwaka wakati huu ananiuliza, "Vuli imeanza huko?" Namjibu imeanza, maana hata kitabu cha watoto tulicholetewa kutoka Dar kimeyaandika majira haya hivyo hivyo, vuli, na picha ya majani mekundu. "Mvua ipo?" Ipo, kila siku. "Alhamdulillah, mtavuna." Nikawa nacheka nikidhani ananitania. Kumbe vuli yake ni ile ya kwetu, mvua fupi za Oktoba mpaka Desemba, watu wanaingia shambani, kunde zinachomoza, maembe yanaanza kuonekana sokoni. Miaka yote mitatu alikuwa anatuona Hamburg na jembe. Nilipomwambia kwamba huku majani yote yanapukutika, miti inabaki mifupa, alinyamaza, kisha akauliza, "Yote? Hata ya kivuli?" Mimi kwa kweli neno hilo silipendi kwa majira ya huku. Vuli ni kitu kinachoota. Sina neno jingine la kulibadilisha, natumia tu.

Jumapili ya mwisho ya Oktoba wakarudisha saa nyuma. Saa tisa usiku inakuwa saa nane, na watu wazima wasio na watoto wanasema wamepata saa nzima ya kulala. Wangu waliamka saa kumi na moja, kwa sababu matumbo yao hayakupewa taarifa. Lakini siku ya Jumatatu saa moja asubuhi kulikuwa na mwanga. Kijivu, kama maji ya kuoshea mchele, ila mwanga. Mkubwa alifungua pazia, akanigeukia: "Umeitengeneza!" Sikukanusha. Akienda shule atajua ukweli, na hesabu yenyewe itaharibika tena mwezi Desemba, nitatafuta uongo mwingine.

Tulichopoteza ni cha jioni. Tunampigia Bibi saa moja usiku, baada ya chakula. Kiangazi kwake ni saa mbili, yuko macho, TV inaongea nyuma. Tangu Jumatatu ile saa moja yetu ni saa tatu yake, na mama yangu saa tatu ameshapanda kitandani. Saa haikurudi Tanga, imerudi huku peke yake, na ile saa ya ziada wanayoisema wenyeji tumeilipia sisi.

Ijumaa ilikuwa matembezi ya taa ya Kita. Sehemu nyingine za Ujerumani wanangoja Novemba 11, sikukuu ya Mtakatifu Martino, yule aliyekata joho lake akampa maskini nusu, lakini Hamburg hawangoji, tangu Septemba ukisikia ngoma jioni ujue watoto wanapita. Mkubwa alitengeneza taa ya karatasi, samaki, amesisitiza ni wa aina ya changu. Inaning'inia kwenye kijiti chenye balbu ndogo. Tukatembea gizani watoto kama arobaini, mbele bendi, na bendi ilipoanza ndipo nilipojisahau. Matarumbeta na ngoma! Mimi nimezaliwa Tanga, matarumbeta kwangu ni bwana harusi anakuja. Nikapiga kigelegele. Kirefu, cha kutoka tumboni. Wazazi waligeuka wote, mwalimu mmoja alidhani mtoto kaumia, na mwanangu akaficha uso kwenye koti langu. Tulipofika uwanjani kwenye juisi ya tufaha ya moto, rafiki yake alikuja kuniomba nirudie.

Samaki alilowa mkia njiani. Tulimkausha kwa mashine ya nywele.

Tukapiga simu kwa kuchelewa. Mama alipokea akiwa amelala, kwao umeme umekatika, kwenye skrini hakuna kitu ila giza na sauti. "Bibi, sikuoni," mkubwa akasema. "Nipo, mume wangu, nipo hapa hapa." Akafikiri kidogo. Akaenda kumleta samaki, akamwasha, akamsogeza mpaka karatasi ikagusa simu, halafu akachungulia kwa pembeni kama amepata kumwona. "Sasa je?" akauliza. Mama akacheka. "Sogeza, baba, unanichoma macho."

Akakataa kuizima. Samaki amekesha juu ya meza karibu na simu, na asubuhi betri zimekufa. Ni zile ndogo, mbili, baba yao alizitoa kwenye rimoti ya TV, na leo anataka kutazama mpira.